Je, Kijidudu cha Vidonda vya Tumbo Huharibu Ini?

Maumivu ya tumbo yamekuwa wimbo wa kila siku vijijini. Mtu hurudi shambani akiwa ameshika chembe ya moyo, akilalamika kwamba ndani kunawaka moto. Mwingine hujaa gesi, na usiku huamshwa na kiungulia. Akiulizwa anaumwa nini hujibu, "Ni vidonda vya tumbo." Jirani yake humtazama na kusema, "La, hilo ni ini." Basi huanza kazi ya kujaribu dawa. Leo anameza vidonge vya dukani, kesho anachemshiwa mizizi, keshokutwa anaambiwa ajaribu maziwa. Fedha zinakwisha, na ugonjwa bado haujulikani.

Katika makala haya tutaeleza habari za kijidudu kinacholeta vidonda vingi vya tumbo, kazi ya ini, na jinsi mambo hayo mawili yanavyohusiana. Tutaeleza pia yale ambayo watu huyasema lakini bado hayajathibitishwa. Shabaha yetu ni moja: msomaji ajue wakati wa kutibiwa tumbo, wakati wa kuchunguzwa ini, na wakati ambao haifai kupoteza hata saa moja kabla ya kumkimbiza mgonjwa hospitali.

Kijidudu chenyewe

Zamani hata madaktari waliamini kwamba vidonda vya tumbo huletwa na mawazo, pilipili na kukaa na njaa. Walijua kuwa katika mfuko wa chakula mna tindikali kali, kwa hiyo walidhani hakuna kijidudu kinachoweza kuishi humo.

Fikira hizo zilibadilishwa na madaktari wawili wa mji wa Perth, Australia: Robin Warren na Barry Marshall. Mwaka 1979 Warren aliona kwa darubini vijidudu vilivyopinda katika vipande vya nyama vilivyotolewa tumboni mwa wagonjwa. Mwaka 1982 walifaulu kuvikuza katika maabara. Wengi hawakusadiki. Mwaka 1984 Marshall alikunywa maji yenye vijidudu hivyo, na baada ya siku chache akaanza kutapika na mfuko wake wa chakula ukaonekana umevimba ndani. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Kijidudu hicho huitwa Helikobakta pailori. Sisi tutakiita pailori tu, kama wanavyokiita watu wengi mahospitalini. Ilikadiriwa kwamba mwaka 2015 watu wapatao bilioni 4.4 duniani walikuwa nacho. Kwa Afrika makadirio hayo yalikuwa kama watu 7 katika kila 10. Wengi hukipata utotoni, na kisipotibiwa hukaa na mtu maisha yake yote.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Kuwa na pailori si lazima kuwa na vidonda. Katika kila watu 100 wenye kijidudu hiki, ni kama 10 hadi 20 tu wanaopata vidonda katika maisha yao. Wachache zaidi hupata saratani ya mfuko wa chakula. Lakini kwa kuwa wenye kijidudu ni wengi mno, hata hao wachache huwa umati mkubwa. Ndiyo sababu mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilikiweka pailori katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Kazi ya ini

Ini liko upande wa kulia, chini ya mbavu. Kwa mtu mzima lina uzito wa kama kilo moja na nusu. Kazi zake ni nyingi. Hutengeneza nyongo ya kusaga mafuta, huweka akiba ya sukari, hutengeneza vitu vinavyoifanya damu igande mtu anapojikata, na huondoa sumu mwilini.

Damu inayotoka katika mfuko wa chakula, matumbo na bandama haiendi moja kwa moja kwenye moyo. Kwanza hupita katika ini kwa mshipa mmoja mkubwa. Robo tatu hivi ya damu yote inayoingia katika ini hupita njia hiyo. Tunaweza kulifananisha ini na karani wa chama cha ushirika. Pamba yote ya kijiji hupita kwake kwanza. Huikagua, huipima, hutenga safi na chafu, ndipo huiruhusu iende mbele. Karani akiwa mgonjwa, uchafu hupita.

Kwa sababu ya njia hiyo, yanayotokea tumboni yanaweza kuligusa ini, na ugonjwa wa ini unaweza kuligusa tumbo. Sasa tuangalie uhusiano huo hatua kwa hatua.

Sumu iitwayo amonia

Pailori huishi katika tindikali kwa hila moja. Huchukua yurea, ambayo ni taka iliyomo katika maji ya mwili, na kuivunja ili kutoa amonia. Amonia hiyo hupunguza ukali wa tindikali pale kilipo, nacho hukaa salama kama mtu aliyejizungushia boma.

Amonia ni sumu. Lakini ini zima huikamata, huigeuza kuwa yurea, na figo huitoa katika mkojo. Kwa hiyo mtu mwenye ini zima hana haja ya kuogopa amonia itokayo kwa pailori.

Hatari iko kwa mtu ambaye ini lake limesinyaa na kujaa makovu. Amonia humpita karani huyo mgonjwa na kufika katika ubongo. Mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku, husahau mambo, hubadilika tabia, na akinyoosha mikono hutetemeka. Mwisho anaweza kupoteza fahamu kabisa. Vijijini mtu wa namna hii huweza kudhaniwa kuwa amerogwa au amepagawa, akazungushwa kwa waganga wa ramli hadi akafa. Huyu ni mgonjwa wa ini, na mahali pake ni hospitali.

Je, pailori ndicho kinachomletea hali hiyo? Wachunguzi wamelipima jambo hili mara nyingi na majibu yao hayakubaliani. Linalofahamika ni kwamba amonia nyingi mwilini hutoka katika matumbo, hasa kwa vijidudu vya utumbo mpana, wala si kwa pailori. Kwa sababu hiyo mgonjwa hupewa dawa ya kulainisha choo ili sumu itoke, na madaktari hutafuta kilichoichochea hali yake, kama vile kutokwa damu tumboni, ugonjwa mwingine wa kuambukizwa, au kufunga choo. Tena asinyimwe maharage, dagaa wala maziwa kwa kudhani kwamba vitamwongezea sumu. Mgonjwa wa ini aliyekonda huhitaji chakula cha kujenga mwili. Daktari ndiye atakayempangia kiasi.

Ini lenye mafuta

Siku hizi husikika sana habari za ini lenye mafuta. Ugonjwa huu huwapata hasa watu wenye unene uliozidi na wenye kisukari. Uchunguzi uliofanywa katika nchi kadhaa umeona kwamba wenye pailori hukutwa na ini la namna hii mara nyingi zaidi kidogo kuliko wasio nacho. Hudhaniwa kwamba uvimbe wa muda mrefu tumboni huufanya mwili ushindwe kuitumia sukari vizuri, na sukari hiyo huishia kuwa mafuta katika ini.

Hata hivyo, mambo mawili kuonekana pamoja si ushahidi kwamba moja limemzaa mwenzake. Jogoo huwika na kunakucha, lakini jogoo awike asiwike, kutakucha. Majaribio ya kutibu pailori hayajaonyesha wazi kwamba mafuta ya ini hupungua kwa sababu ya dawa hizo. Kwa hiyo mtu akikuuzia chupa ya dawa kwa maneno kwamba "huua pailori na kusafisha ini," muulize ushahidi wake uko wapi kabla hujatoa fedha.

Maadui wakubwa wa ini wanajulikana. Wa kwanza ni homa ya ini ya aina ya B na C, inayoletwa na virusi. Wa pili ni pombe. Wengine ni unene na kisukari, kichocho cha tumbo, na sumukuvu inayotokana na ukungu katika mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Maadui hawa hawaondoki kwa vidonge vya tumbo. Mtu anayemeza dawa za vidonda mwaka hadi mwaka huku ana homa ya ini asiyoijua, anapoteza wakati ambao ungeokoa maisha yake.

Kutapika damu: sababu mbili tofauti

Hapa ndipo kulichanganya tumbo na ini kunapoua. Mtu anaweza kutapika damu kwa sababu kidonda cha tumbo kimekula mshipa. Anaweza pia kutapika damu kwa sababu ya ini.

Tuchukue mfano wa mikoa inayozunguka Ziwa Victoria, ambako kichocho cha tumbo kimeenea. Minyoo ya kichocho hukaa katika mishipa ya damu ya matumbo na kutaga mayai. Mayai mengine huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, yakanasa humo na kuleta makovu. Miaka inavyopita, makovu huziba njia. Damu hurudi nyuma kama maji ya mfereji ulioziba. Bandama huvimba. Mishipa ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni, hutanuka, na siku moja hupasuka. Mgonjwa hutapika damu nyingi ghafla, pengine bila kuwa na maumivu yoyote kabla. Makovu ya ini yanayoletwa na pombe au homa ya ini huweza kuleta maafa hayo hayo.

Mgonjwa wa namna hiyo hata akimaliza dozi ya pailori, mishipa yake itabaki imetanuka. Anahitaji matibabu mengine kabisa. Tena mtu mwenye ini lenye makovu hupata pia vidonda vya tumbo mara nyingi kuliko watu wengine, na damu yake haigandi upesi kwa sababu ini halitengenezi vya kutosha vile vitu vya kuigandisha. Kwake yeye kidonda kidogo ni jambo kubwa, na daktari akimkuta na kidonda chenye pailori humtibu kijidudu hicho ili kisirudi tena.

Kwa macho tu hakuna awezaye kujua damu imetoka wapi. Kazi hiyo hufanywa hospitalini kwa mpira mwembamba wenye kamera. Kazi ya familia ni kumfikisha mgonjwa huko mara moja.

Dawa zinazoleta hasara

Wengi wakiumwa tumbo hununua dawa za maumivu. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huchubua mfuko wa chakula na kuweza kuleta vidonda vinavyotoka damu, hata kwa mtu asiye na pailori. Mwenye pailori akizitumia, hatari huongezeka. Mwenye makovu ya ini asizitumie bila ruhusa ya daktari.

Parasetamoli haichubui tumbo kama hizo, lakini ikizidi huliua ini. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 katika saa 24. Mgonjwa wa ini na mtu anywaye pombe sana huhitaji kipimo kidogo zaidi, na waulize kwanza.

Mizizi na majani pia ni dawa, na dawa yoyote hupita katika ini. Baadhi ya dawa za miti shamba zimewahi kuharibu maini ya watu. Ukizitumia, mwambie mganga wa zahanati bila kuona haya.

Kupima na kutibu

Kuna njia kadhaa za kupima pailori. Ya kwanza ni kupima choo kikubwa. Ya pili ni kupima pumzi. Ya tatu ni kutumia kamera na kuchukua kipande kidogo cha nyama. Kipimo cha damu kina kasoro: huonyesha askari wa mwili waliowahi kupigana na kijidudu, nao huweza kubaki katika damu hata baada ya kijidudu kufa. Kwa hiyo mtu aliyepona anaweza kuambiwa bado anaumwa, akatibiwa tena bure.

Kabla ya kupima choo au pumzi, mweleze mpimaji dawa ulizotumia. Dawa za kupunguza tindikali kama omeprazo husimamishwa wiki 2 kabla ya kipimo, na dawa za kuua vijidudu wiki 4. Usisimamishe mwenyewe dawa uliyoandikiwa, muulize daktari.

Matibabu ni mchanganyiko wa dawa za kuua vijidudu, mbili au zaidi, pamoja na dawa ya kupunguza tindikali. Kwa kawaida huchukua siku 14. Wagonjwa wengi huacha siku ya tano, maumivu yanapotulia. Hilo ni kosa kubwa. Mkulima apaliliaye nusu ya shamba huyapa magugu nafasi ya kurudi kwa nguvu. Vijidudu vilivyobaki huzoea dawa, na safari ya pili dawa ile ile haisaidii. Usigawane dozi na mwenzako, na usinywe pombe wakati wa matibabu. Kama una ugonjwa wa ini, una mimba, au umewahi kudhurika na penisilini, sema kabla hujapewa dawa. Baada ya kumaliza dozi, subiri wiki 4 au zaidi ndipo upimwe tena kuhakikisha umepona.

Kwa upande wa ini, omba upimwe homa ya ini B. Watoto wa Tanzania walianza kupewa chanjo yake katika chanjo za kawaida mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo, wengi hawakuipata. Wakaao sehemu za kichocho nao wapimwe kichocho. Dawa yake ipo, na ikitumiwa mapema huzuia makovu.

Kujikinga

Pailori hupita kutoka mtu hadi mtu kwa njia ya mate, matapishi na kinyesi, na hasa ndani ya familia. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi kama milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wakachimba vyoo na kusafisha vyanzo vya maji ili kupambana na kichocho, kuhara na magonjwa mengine. Kazi ile ile husaidia kuzuia pailori. Tuchimbe vyoo na tuvitumie. Tunawe mikono kwa sabuni tutokapo chooni na kabla ya kula. Tuchemshe maji ya kunywa. Tuache kumtafunia mtoto mchanga chakula. Kipondwe kwa kijiko safi.

Hakuna sababu ya kumtenga mtu mwenye pailori au kumnyima nafasi katika sinia ya familia. Wote wanawe mikono, basi.

Dalili za hatari

Mpeleke mgonjwa hospitali mara moja ukiona mojawapo ya haya:

1. Anatapika damu, au matapishi yanafanana na unga wa kahawa.
2. Choo ni cheusi kama lami. Vidonge vya kuongeza damu pia hufanya choo kiwe cheusi, kwa hiyo mweleze daktari kama anavitumia.
3. Macho yamekuwa ya manjano na mkojo ni mweusi kama chai ya rangi.
4. Tumbo limejaa maji na miguu imevimba.
5. Amechanganyikiwa, au analala mchana na haamki vizuri.
6. Anakonda sana, au chakula hakipiti kooni.
7. Maumivu yamekuja ghafla na tumbo limekuwa gumu kama ubao.

Kwa kifupi, pailori ni adui wa mfuko wa chakula, na dawa zake zinajulikana. Kwa ini zima, haijathibitishwa kwamba kijidudu hiki peke yake huliharibu. Kwa ini lililokwisha kuugua, vidonda vinavyoletwa na pailori huongeza hatari. Hayo hayawezi kujulikana kwa kubahatisha. Kinga ni bora kuliko tiba, na kupima ni bora kuliko kukisia.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini si kila mwenye pailori ana vidonda vya tumbo?
2. Eleza safari ya damu kutoka mfuko wa chakula hadi kwenye ini.
3. Taja sababu mbili tofauti zinazoweza kumfanya mtu atapike damu.
4. Katika kijiji chenu, mtu akiumwa tumbo hununua dawa gani kwanza? Je, dawa hiyo ni salama kwa tumbo na ini?
5. Mgonjwa akianza kutapika damu usiku, kijiji kitamfikishaje hospitali? Pangeni sasa nani atatoa chombo cha kumsafirisha, na nani atamsindikiza.